Kambi Iliyo Chini ya Maji

Katibu hakutoka nyumbani kwake mikono mitupu. Akienda dukani kununua chumvi, alishika nyundo. Akienda kumjulia hali mgonjwa, aliweka jembe begani kama mtu anayetoka shamba, ingawa shamba hakuwa nalo. Alikuwa na mipapai nyuma ya bafu na uwanja wa kufagia. Siku tuliyomuaga binti wa jirani yetu aliyekuwa anaolewa, watu wote tumevaa sare ya njano, yeye aliingia ukumbini na spana, ncha yake ikichungulia kwenye mfuko wa koti.

"Mtani, leo unamfungua nani nati?" nilimuuliza.

"Mwenye kitu mkononi haulizwi anakwenda wapi," alijibu, akakaa, akaomba soda.

Meza nzima ilicheka. Mie nililichukua neno lile kama mmoja wa misemo yake, maana alikuwa nayo mingi, nikaiga sauti yake kwa watu wiki nzima.

Tulimwita Katibu kwa sababu alikuwa katibu wa kila kitu. Katibu wa jumuiya yetu ya Wakatoliki hapa Chamazi, zile familia chache zinazokutana kusali nyumba kwa nyumba Jumamosi asubuhi. Katibu wa kamati ya mazishi. Katibu wa ulinzi wa mtaa, enzi zile vijana walipokuwa wanakesha na filimbi. Wenyeviti walikuja wakaondoka, wengine kwa ugomvi, wengine kwa kuhama, yeye akabaki. Hata mkewe mbele za watu alimwita Katibu. Jina lake la ubatizo nililisikia padri akilitaja mara chache, na kila mara nilichelewa kidogo kujua anasemwa nani.

Yeye alikuwa Mngoni, mie ni Mhehe. Anayejua utani hahitaji kuambiwa zaidi. Kwa asiyejua: babu zetu walipigana sana, vita vilipokwisha wakabaki na ruhusa ya kutukanana bila kununiana, nasi tumeirithi. Mbwa wa mtu akipotea Chamazi, Katibu alikuja barazani kwangu kunusa sufuria. Nami niliwaambia watu kwamba panya wa mtaa mzima walihamia Mkuranga siku Mngoni huyu alipoleta mizigo yake. Mtani hakasirikiwi. Neno la mtani halipelekwi kwa balozi wa nyumba kumi wala kwa padri. Likisemwa linachekwa, na likichekwa limekwisha. Nilidhani hiyo ndiyo raha yake yote. Sikuwahi kufikiri kwamba kanuni hiyo ina mlango mmoja tu, wa kuingilia.

Mama yangu alipofariki hapa mjini, Katibu alilala chali langoni, akalizuia jeneza lisipite. "Huyu bibi alinitukana miaka kumi, leo anaondoka bila kuniaga?" alisema. Ndugu zangu waliotoka Iringa wakamletea kuku, akamkataa kwa kuwa ni mwembamba. Wakamletea mwingine, akainuka akaliacha jeneza lipite. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, na ndivyo utani wa msibani unavyotakiwa kufanya kazi. Jioni nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba, ameshika koleo alilochimbia kaburi, analia kweli. Aliponiona akasema moshi wa kuni umemwingia. Kuni zilikuwa zimezimika tangu mchana.

Kwenye ukweli alikuwa mkali kupita kiasi. Msomaji wa wasifu wa marehemu akisema, "alistaafu kwa heshima", Katibu alinyoosha kidole palepale mbele ya wafiwa: "Hakustaafu, aliachishwa. Andikeni vizuri." Siku moja wafiwa walitaka kumpiga. Alisimama wima na nyundo yake, asitikisike. "Marehemu hapendi kusingiziwa," alisema. Nyumbani tulimsengenya kwamba Mbinguni watampa kazi ya kusahihisha. Mke wangu alinionya nisitangulie kufa, maana wasifu wangu ungekuwa na kazi kubwa, na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mambo niliyomfanyia ujanani hayapaswi kupambwa siku yoyote.

Mtu mkali namna hiyo alikuwa na hofu moja ya ajabu. Mfuko wa shati lake ulijaa vitambulisho: cha taifa, cha mpiga kura, cha bima, kadi ya jumuiya, na kimoja cha kiwanda kilichofungwa zamani, picha yake imefutika hadi kubaki masikio. Vyote kwenye mfuko wa nailoni uliokunjwa. Siku moja tumesimama nje ya duka la dawa, mgambo mmoja kijana akaja kutuuliza njia ya Msongola. Kabla hajamaliza, "Shikamooni wazee, samahani," Katibu alikwishatoa vyote, amevipanga kiganjani kama karata.

"Mngoni," nilimwambia, "anauliza njia tu, hakuposi."

Mgambo alicheka. Katibu alivirudisha kimoja kimoja.

Lakini kilichomfanya apendwe ni giza. Miaka ya mgao, umeme ulipokatika mtaa ukaanza kuguna, watu walitoka kukaa nje, na sauti yake ilisikika toka barazani kwake: "Vumilieni! Rufiji inakuja!" Halafu alisimulia. Alisimulia jinsi alivyokuwa kijana na kuchukuliwa na wapimaji waliokwenda kwenye lile korongo la mto Rufiji kuangalia pa kujenga bwawa, miaka mingi kabla bwawa lenyewe halijajengwa. Jinsi walivyovusha kamba ya kupimia toka ukingo huu hadi ule. Jinsi viboko walivyopita katikati ya mahema usiku wakikoroma kama wazee wa kanisa. Jinsi Mzungu mmoja alivyoogopa vyura kuliko mamba, akilala juu ya meza. Watoto walidai hadithi ya Mzungu wa vyura kila umeme ulipokatika, na nadhani wapo waliosikitika uliporudi.

"Nimesimama pale mie," alimalizia siku zote. "Nimeshika kamba."

Mwenye hadithi ile hasa alikuwa mkewe, Mama Konsolata. Katibu akisahau kitu, yeye alikumbusha. Akichoka, yeye alimalizia. Na alikuwa na kipande chake mwenyewe, ambacho Katibu hakukigusa kamwe: jinsi mumewe alivyoondoka asubuhi moja kwenda kutafuta kazi, asirudi, yeye akiwa na mimba kubwa, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Jinsi alivyojifungua Konsolata peke yake, akauza vitumbua na mtoto mgongoni. Baba yake alikuwa ameikataa posa ya Katibu tangu mwanzo, akisema binti yake haolewi na mzururaji, wakafunga ndoa bila baraka zake. Sasa akatuma watu wamrudishe nyumbani Songea. Yeye akakataa kwenda. Miezi ikapita. Siku moja mume akatokea mlangoni, amekonda, viganja vimepasuka.

"Nikamuuliza, ulikuwa wapi?" Mama Konsolata alisimulia, na hapo alisimama, hata kama alikuwa na sufuria mkononi. "Akaniambia, Rufiji. Wamemchukua ghafla, hakuna posta, hakuna simu. Mume wangu alikuwa anapimia nchi umeme, mie huku namlaani! Nikampigia magoti. Baba yangu aliposikia, akaanza kumwita injinia hadi anakufa."

Watu walipiga makofi. Katibu alitazama miguu yake. Sie tulisema ni unyenyekevu.

Bwawa lilipokamilika, na watu wakaanza kupelekwa kulitembelea kwa ziara za siku moja, isingewezekana jumuiya yetu isiende. Wazo lilitoka kwa akina mama. Katibu, ambaye kwa cheo chake ndiye wa kuandaa safari, aliweka pingamizi zote anazoweza kuweka mtu mzima bila kuonekana kichaa. Barabara ya ndani ni mbaya. Kuna mbung'o. Wazee watapata shinikizo la damu. Kwa nini tusiende Bagamoyo?

"Bagamoyo tumeuona msalaba mpaka wenyewe umetuchoka," Mama Konsolata alisema. "Katibu, unaona haya ya nini? Nataka nipaone mahali uliposimama. Nimengoja toka sijapata mvi."

Kikao kikacheka, kikapitisha. Tena kikapitisha kwamba Katibu ndiye atakayetueleza mambo ya zamani, mwongozaji wa bwawa atueleze ya sasa. Nami nilisimama kuunga mkono. Nilisema Mngoni huyu apewe kipaza sauti, ila asipewe pilau mapema, atalala. Walicheka sana. Nilikaa nikiwa nimefurahi.

Siku mbili kabla ya safari alikuja kwangu mchana. Nilikuwa nyuma, nabadilisha mchanga wa banda la kuku. Alikuwa na jembe lake begani. Hakuliweka chini.

"Mtani," alisema, "leo usinitanie."

"Basi kaa, uniambie nani kafa."

"Nimesema usinitanie."

Nikaacha koleo. Akaniambia akiwa amesimama. Asubuhi ile aliyoondoka alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta wa kiwanda, anamsubiri karani afungue dirisha amwandike kazi. Ulikuwa msako wa wazururaji. Karandinga ikasimama, askari wakashuka, wakauliza kitambulisho cha kazi. Hakuwa nacho, ndicho alichokuwa amekuja kukitafuta. Mikono yake ilikuwa mitupu. Wakampakia pamoja na wengine, wakapelekwa mbali, shambani, kulima chini ya ulinzi. Rufiji hakufika. Hadithi ya kamba, viboko na Mzungu wa vyura alipewa na mwenzake waliyekuwa wanalala naye bandani, ambaye kweli aliwahi kubeba mizigo ya wapimaji.

"Nilipofika mlangoni," alisema, "nilikuwa nimejiandaa kusema. Njia nzima nimejiandaa. Akatokea na mtoto mgongoni, akaniuliza, ulikuwa wapi? Nikaliona lile neno la baba yake. Mzururaji. Mtani, mie nimeoa kanisani. Ulimi ukateleza wenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakusema baadaye.

"Baadaye lini? Kesho yake alikuwa amewaambia majirani. Wiki iliyofuata barua imeshakwenda Songea. Kila nikifungua mdomo anaanza kuisimulia yeye. Kuna hadithi ukishaijenga, mlango unabaki upande wa nje."

Alikuwa ameamua kusema kweli palepale bwawani, mbele ya watu wote waliodanganywa, mkewe akiwemo. Alifikiri akisema nyumbani atamezwa na chai na wageni kama siku zote. Na alifikiri pia, nadhani, kwamba mtu akitubu amesimama mahali pa uongo wenyewe, haitawezekana kumrudisha nyuma. Ombi lake kwangu lilikuwa moja.

"Nikianza kusema, wewe nyamaza. Basi. Wengine wote nitawamudu. Wewe ukifungua mdomo, imekwisha."

Nikamwambia, "Nimekuelewa." Nilikuwa nimemwelewa, na hicho ndicho kinachonisumbua. Mtu asiyeelewa ana pa kujificha.

Tuliondoka alfajiri kwa Kosta ya kukodi. Akina mama wamevaa vitenge vya sare. Mama Konsolata ameongeza kilemba, na miguuni amebana hotpoti la pilau kama mtu aliyebeba sakramenti. Katibu alipewa kiti cha mbele na kipaza sauti. Hakushika kitu kingine. Mkewe alikuwa amemnyang'anya nyundo mlangoni: "Leo unakwenda kwako, nyundo ya nini?" Hivyo alikaa na ile mikono mitupu magotini, akishindwa kuelewa aiweke wapi, na tangu Vikindu mpaka Kibiti aliombwa hadithi. Alisema koo linamuuma. Wakaimba. Tulipoiacha lami na vumbi likaanza kuingia, nilimsikia anamuuliza dereva kama tairi za nyuma ni nzima. Dereva alijibu kwa fahari kwamba ni mpya zote. Katibu akaegemea kioo, akafumba macho.

Pale bwawani tulivalishwa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, wazee kwa vijana tukafanana kama vifaranga. Mwongozaji alikuwa binti mwembamba mwenye kofia nyeupe na sauti iliyozoea kushindana na upepo. Alitusalimu wazee shikamoo mmoja mmoja, akatupandisha juu ya ukuta.

Sina maneno ya kuueleza ukuta ule, na sitaki kujifanya ninayo. Upande mmoja maji yamejaa, yamekwenda hadi macho yanachoka, na mbali kidogo vichwa vya miti iliyokufa vimesimama ndani yake, vyeupe. Upande wa pili hakuna kitu. Ni bonde tu, na huko chini mto unatoka umepungua, kama mtu aliyeruhusiwa kupita baada ya kukaguliwa. Akina mama waliacha kupiga picha. Mmoja alisema, "Yesu na Maria," akashika nguzo ya uzio.

Binti alitueleza jinsi maji yanavyoshuka kugeuza mitambo, na kwamba baadaye tutashuka kuiona. Hakutuchosha. Kisha akauliza, kama labda anavyouliza kila kundi, "Kuna mzee yeyote hapa aliyewahi kufika kabla bwawa halijajengwa?"

Kosta nzima ililipuka. "Yupo! Yupo! Katibu!" Walimsukuma mbele kama wanavyosukumwa maharusi. Binti akafurahi kwelikweli, akampa kipaza sauti chake. "Karibu babu. Tuambie, palikuwaje?"

Mama Konsolata alijipenyeza akasimama mbele kabisa. Kofia ngumu ilikuwa kubwa kwake, imekaa juu ya kilemba imeinamia sikio moja. Alikuwa anamtazama mumewe kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa, na najua sababu.

Katibu aliyatazama maji muda mrefu. Ningependa mjue kwamba maji yale yalikuwa upande wake. Lolote ambalo angesema, kambi, mahema, meza ya Mzungu, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kushuka kwenda kuhakikisha. Angeweza kudanganya mpaka Kiyama. Akageuka akasema, kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kiliibeba:

"Ndugu zangu. Mama Konso. Mie sijawahi kufika mahali hapa."

Kimya kikaingia. Upepo tu. Niliona uso wa Mama Konsolata ukianza kubadilika, si kwa hasira bado, ni kama mtu aliyeitwa kwa mbali na hajajua ni nani anamwita. Katibu akavuta pumzi kuendelea. Sekunde moja ile ilikuwa yake. Alikuwa ameingoja maisha yake yote ya ndoa.

"Msikieni Petro!" nilipaza sauti. "Anakana! Subirini jogoo awike!"

Na kijana mmoja wa kwaya nyuma yangu akawika, "Kokorikooo!"

Walicheka mpaka wengine wakashikilia uzio. Binti wa bwawa alicheka. Mama Konsolata alicheka kuliko wote. Kofia ikamdondoka, akaiokota, akampiga mumewe nayo begani. "Mzee wewe, ulinitisha!" Katibu alisimama katikati ya kicheko na kipaza sauti chake. Alinitazama mara moja tu. Sikuona hasira. Niliona mtu anayesikia komeo likiingia mahali pake.

Halafu akanyoosha mkono juu ya maji. "Kambi ilikuwa kule," alisema.

"Basi sasa ipo chini ya maji, babu," binti akasema kwa upole, na watu wakapiga makofi.

Kwa muda mrefu nilijieleza kwamba nilimwokoa. Nilimwonea huruma mkewe, nilisema. Nani anataka kumwona mwanamke mzima akivunjika mbele ya jumuiya, juu ya ukuta, ana kofia ya kuazima kichwani? Ni maelezo mazuri, na kidogo yana ukweli. Lakini mie nilikuwapo ndani ya kichwa changu. Nilisikia kimya, na mtani akisikia kimya kwenye hadhara hukiona kama kiti kitupu. Neno la Petro lilinijia, likawa zuri, sikuweza kuliacha lipite. Ndivyo ilivyokuwa. Mambo mengi niliyoharibu maishani niliyaharibu hivyohivyo, si kwa ubaya, kwa kupenda kusikika.

Tulishuka kuona mitambo. Sikumbuki kitu. Nakumbuka Mama Konsolata amemshika mumewe mkono, anamuuliza kila hatua, "Na hapa je? Hapa palikuwa na nini?" naye anamjibu. Dereva aliwapiga picha wawili hao, maji nyuma yao.

Baada ya safari ile Katibu hakunikasirikia. Ningefurahi angenikasirikia. Aliendelea kunitania kama kawaida, mbwa, sufuria, yote, lakini alikuwa anatania kama mtu anayelipia kiingilio. Na umeme ulipokatika hakupaza sauti tena. Mkewe ndiye aliyeita toka barazani, "Jamani, tumeliona kwa macho yetu!" na ndiye aliyesimulia, sasa akiwa na ushahidi wa mkono uliooneshwa juu ya maji.

Kabla mwaka haujaisha alipooza upande. Ujumbe wa jumuiya ulikwenda, nami nilikwenda nao mara nyingi, lakini katikati ya rozari na machungwa hakuna mazungumzo. Halafu Jumapili moja baada ya misa nilikwenda peke yangu.

Alikuwa amewekwa kitanda sebuleni ili aone wageni. Ulimi ulikuwa mzito ila maneno yalieleweka ukimsogelea. Picha ya bwawani ilikuwa ukutani, kubwa, imewekwa fremu ya dhahabu, mahali ambapo toka kitandani huwezi kutazama kitu kingine. Mama Konsolata alikuwa anamlisha uji. Alizeeka ghafla yeye pia, lakini alikuwa mchangamfu.

"Karibu, mla mbwa. Mtani wako leo amekula vizuri. Jana walikuja wageni toka Songea, nikamwambia awaonyeshe kwenye picha kambi ilipokuwa. Akanyoosha kidole mwenyewe! Hiki kizima."

Nilimtazama Katibu. Alikuwa anatazama picha, maana hakuwa na namna.

Sijui kama nilikuwa nimepanga. Nilivua kofia. Nilisema, "Shemeji, weka bakuli. Nina neno, na si utani."

Akaliweka.

"Mumeo hakufanya kazi Rufiji. Siku ile alikamatwa kwenye msako wa wazururaji, akapelekwa shambani kulima akilindwa na askari. Aliona aibu kukwambia. Kule bwawani alitaka kukwambia, nikamkatiza. Kosa ni langu. Ameniambia mwenyewe, nyuma kwangu, kwenye banda la kuku."

Alinikodolea macho. Hesabu zilikuwa zinapita usoni mwake, niliziona. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka pembeni.

"Kwenye banda la kuku!" alisema.

"Shemeji, nasema kweli. Naapa."

"Unaapa kwa mbwa gani?"

Akacheka. Alicheka akajishika ubavu, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Watani nyie mna laana! Mgonjwa yupo kitandani, bado mnamsulubu! Eti mzururaji! Katibu, umemsikia?" Nilisema tena. Nilisema, "Mama Konso, tafadhali," na kadiri nilivyokaza uso ndivyo alivyozidi kucheka, maana nimekuwa nikikaza uso hivyohivyo tangu tufahamiane, kila ninapotaka kuchekesha.

Akachukua bakuli akatoka nalo uani. Tulimsikia akimwita jirani juu ya ukuta wa matofali. "Mama Rose! Njoo usikie la Mhehe! Eti mume wangu alikamatwa uzururaji, akapigishwa jembe!" Kicheko cha Mama Rose kikaja, kipana. Halafu Mama Rose akamwita mtu mwingine upande wake, akaanza kumweleza, na huko nako kukachekwa, kwa mbali.

Katibu aliutoa ule mkono mzima chini ya shuka, ukatafuta, ukashika kiganja changu. Nilisogeza sikio.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia."

"Limefika hadi kwa Mama Rose."

"Limefika, mtani."

Nilijaribu kuinuka nimwombe msamaha nikiwa nimesimama, kama inavyostahili. Mkono wake haukuniachia.

"Kaa," alisema. "Usiondoke kwanza."